Mgeni, Habari na Amri ya Nane: Vyombo vya Habari na Mitandao ya Kijamii katika Mjadala wa Uhamiaji, kwa Kuangalia Ikola na Mkoa wa Katavi

UTANGULIZI

Ikola iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi. Ng'ambo ya ziwa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mpaka wa nchi hizi mbili umepita majini, wala hauonekani kwa macho. Wavuvi wa dagaa na migebuka hufuata samaki, na samaki hawafuati ramani. Kiswahili kinasemwa pande zote mbili, na watu wa pande zote mbili wameoana na kufanya biashara tangu zamani. Tena bara, nyuma ya Ikola, kuna makazi ya Mishamo na Katumba, ambayo kwa zaidi ya miaka arobaini yamekuwa makao ya watu waliokimbia Burundi pamoja na watoto na wajukuu wao. Kwa hiyo swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni haliko mbali na sharika zetu. Liko mezani pa Bwana, liko katika darasa la kipaimara, na liko katika kikundi cha simu cha kwaya.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi habari za wageni zinavyotengenezwa na kuenezwa, kwanza kwa gazeti na redio, na sasa kwa simu ya mkononi. Jinsi habari hizo zinavyoweza kuwagawa watu katika kambi mbili zisizosikilizana. Na jinsi mafundisho ya Kanisa letu, hasa Amri ya Nane, yanavyotuelekeza. Hatukusudii kuamua ni wageni wangapi wapokewe au wangapi warudishwe, kwa sababu uamuzi huo ni wa serikali na wa wananchi kwa njia ya sheria. Tunauliza swali lililotangulia hilo: je, tunapojadiliana juu ya wageni, tunasema kweli juu yao?

1. MANENO TUNAYOYATUMIA

Hapana budi kuanza na maneno, maana mara nyingi hukumu hutolewa kwa neno kabla ya ushahidi kuletwa.

Mkimbizi, kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951, ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya kabila au rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au maoni yake ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliipanua maana hiyo, ukawaingiza pia wanaokimbia vita, uvamizi na machafuko makubwa. Tanzania imeyapokea hayo, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1966. Mhamiaji ni neno pana zaidi: ni yeyote aliyehama kutafuta kazi, elimu, ardhi au biashara. Mtu anaweza kuwa mhamiaji akiwa na kibali au bila kibali. Raia ni yule ambaye sheria ya nchi inamtambua hivyo, ama kwa kuzaliwa, ama kwa kurithi, ama kwa kuandikishwa. Wasio na kibali si wote waliovuka mpaka kwa siri. Wengine vibali vyao vimekwisha muda, na wengine wamezaliwa hapa na hawajui kwamba karatasi zao zina kasoro.

Sasa tazama neno lililoenea sana katika magazeti yetu: "mhamiaji haramu". Sheria hutaja tendo, yaani kuingia au kukaa nchini bila kibali. Lakini katika Kiswahili neno "haramu" si neno la ofisi tu. Ni neno la dini na la nyumbani. Husemwa juu ya chakula kilichokatazwa na juu ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Likibandikwa kwa mtu, msikilizaji haelewi tu kwamba huyu amekosa karatasi. Anaelewa kwamba huyu mwenyewe ni najisi. Mwandishi anayesema "mtu asiye na kibali" ameeleza jambo lile lile la kisheria bila kumwaga sumu hiyo.

Vivyo hivyo kuna maneno ya maji: "wimbi la wakimbizi", "wanamiminika", "wamefurika". Mtu wa ziwani anajua kwamba wimbi haliulizwi jina wala sababu. Ama linakimbiwa, ama linazuiwa. Tukizoea kuwaita watu wimbi, tumekwisha kufunga mlango wa kuwauliza kilichowaleta. Na huko Katavi liko neno jingine, "raia wapya", ambalo tutalieleza hivi punde. Linaonekana kuwa neno la upole, lakini swali ni hili: raia huwa mpya mpaka lini?

2. HISTORIA FUPI YA WAGENI KATAVI

Hakuna anayeweza kuupima ukweli wa habari za leo asipojua mambo yalivyokuwa jana. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa nchini Burundi, na watu wengi wakakimbilia Tanzania. Serikali iliwapa ardhi katika maeneo ya misitu: Ulyankulu mkoani Tabora mwaka 1972, Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Makazi haya mawili ya mwisho yalipata kuwa katika Mkoa wa Rukwa, na tangu mwaka 2012 yamo katika Mkoa wa Katavi. Kazi ya kuyajenga ilifanywa na pande tatu: Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na Huduma ya Wakimbizi ya Kikristo ya Tanganyika, ijulikanayo kwa herufi TCRS, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni. Kwa hiyo Walutheri hawawezi kuyazungumza mambo haya kama watazamaji. Fungamano lenyewe liliundwa mwaka 1947, Ulaya ikiwa imejaa watu waliokosa makao kwa ajili ya vita, na Walutheri wengi walikuwa miongoni mwao.

Watu wa Katumba na Mishamo walifyeka msitu, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakajilisha na kuwauzia wengine. Mtaalamu wa elimu ya jamii, Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini katika miaka ya 1985 na 1986, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba watu wa makazini waliishika sana hadithi ya taifa lililofukuzwa, na wale wa mjini walijichanganya na wenyeji wasipende kuitwa wakimbizi. Utafiti huo unatufundisha jambo moja kubwa: hata kati ya watu waliotoka nchi moja kwa sababu moja, hakuna sauti moja. Habari inayosema "Warundi wanataka hivi" imekwisha kukosea kabla haijafika nukta.

Mwaka 2007 ulianza mpango wa kulimaliza suala hili. Waliotaka kurudi Burundi walisaidiwa kurudi; waliotaka kubaki waliruhusiwa kuomba uraia. Mwaka 2010 maombi ya watu 162,156 yalikubaliwa. Ni tendo la ukarimu ambalo si nchi nyingi duniani zimelifanya. Hata hivyo, mwanzoni raia hao walitakiwa kuhama makazini na kutawanywa katika mikoa mingine; mpango huo ukaleta mabishano, ukasimamishwa, na vyeti vya uraia vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Katika miaka ile minne katikati, watu walikuwa wameukana uraia wa Burundi wala hawajashika cheti cha Tanzania. Hali ya namna hiyo ni shamba zuri la uvumi. Mwenyeji aliambiwa kwamba mgeni anakuja kuchukua ardhi yake. Raia mpya aliambiwa kwamba atafukuzwa usiku. Wote wawili walikosa taarifa kamili, na palipo na upungufu wa taarifa uvumi hujaza nafasi.

3. JINSI HABARI INAVYOFANYA KAZI

(a) Gazeti. Habari nyingi za wageni katika magazeti yetu huanzia kwa taarifa ya polisi au ya Idara ya Uhamiaji: watu kadhaa wamekamatwa mahali fulani. Taarifa hiyo yaweza kuwa kweli tupu. Lakini ikiwa mwandishi haendi zaidi ya hapo, msomaji atakuwa amemwona mgeni katika hali moja tu, yaani akiwa amekamatwa. Hatamwona akilima, akifundisha, akizika, akilipa ushuru. Baada ya miaka kumi ya habari za namna hiyo, ambazo kila moja ni ya kweli, picha nzima imekuwa ya uongo. Hili ni jambo gumu kwa mwanafunzi kulielewa, lakini ni la lazima: uongo waweza kujengwa kwa matofali ya kweli.

(b) Redio. Eneo letu la Maziwa Makuu limeona redio ikitenda mabaya na mema. Nchini Rwanda, redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwaita Watutsi mende na wageni waliovamia, na wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 ikawachochea wauaji. Kesi ya wahusika wa redio hiyo na wa gazeti la Kangura ilisikilizwa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Tarehe 3 Desemba 2003 Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze walitiwa hatiani. Rufaa ya mwaka 2007 iliyafuta baadhi ya mashtaka na kupunguza adhabu, lakini hatia haikuondolewa yote. Hivyo ni katika ardhi yetu wenyewe ilipoamuliwa kwamba mwenye kipaza sauti aweza kuwajibika kwa damu iliyomwagwa na mwenye panga.

Kwa upande mwingine, tarehe 28 na 29 Aprili 1994 kadiri ya watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha huko Ngara redio iitwayo Kwizera, maana yake tumaini. Redio hiyo ilisema na wakimbizi na wenyeji pia. Tunaona basi kwamba si chombo kilicho na kosa. Redio ni ile ile. Tofauti ni kama inasema na watu, au inasema juu yao.

(c) Simu. Mitandao ya kijamii imebadili mambo matatu. Kwanza, imemwondoa mhariri. Zamani uvumi ulilazimika kupita kwa mtu aliyeulizwa, "Nani amesema? Umemwona?" Leo sauti iliyorekodiwa hupita kutoka kundi hadi kundi bila jina la mwenyewe wala tarehe. Pili, imempa kila ujumbe uso wa rafiki. Habari ya gazeti tunaipokea kutoka kwa mgeni. Ujumbe wa simu tunaupokea kutoka kwa shemeji au mzee wa kanisa, na tunaupa imani ile tuliyo nayo kwake, ingawa si yeye aliyeuandika. Tatu, inalipa hasira. Kwa jinsi kurasa za mitandao zilivyopangwa, lile linalosomwa na kujibiwa na wengi ndilo linalosukumwa mbele, na hakuna linalojibiwa upesi kama tusi. Mtu mwenye maoni ya kiasi hupotea, wale wa ncha mbili hubaki wakipigiana kelele, na msomaji hudhani kwamba nchi nzima imegawanyika hivyo.

Hatari hiyo ilitambuliwa na wenye kampuni wenyewe. Mwezi Januari 2019 WhatsApp iliweka kikomo ulimwenguni kote kwamba ujumbe usipelekwe mbele kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja, na Aprili 2020 ule uliokwisha kuzungushwa mno ukawekewa kikomo cha kundi moja. Tanzania nayo ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inakataza kueneza habari za uongo, na pia maandiko ya ubaguzi wa rangi na chuki dhidi ya wageni. Wengi wameilalamikia sheria hiyo kwamba hutumiwa kuwanyamazisha wakosoaji, na malalamiko hayo yanastahili kusikilizwa.

Maana kunyamazisha nako kuna matokeo. Mwezi Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi nchini Burundi, redio za watu binafsi zilichomwa na kuharibiwa, na waandishi wengi wakakimbia. Wakati huo huo maelfu ya Warundi walikuwa wamekwama Kagunga, ufukoni mwa ziwa letu mkoani Kigoma, kipindupindu kikiwa kimezuka, na meli ya MV Liemba ikiwachukua kuwapeleka Kigoma mjini. Redio zilipozimwa, habari hazikukoma. Zilihamia kwenye simu. Baadhi ya waandishi walianzisha SOS Médias Burundi ili kutoa habari zilizochunguzwa kwa njia ya mitandao. Lakini kando yao uvumi nao ulipata uwanja. Vivyo hivyo mtandao wa X ulipozuiwa nchini Tanzania mwezi Mei 2025, watu hawakuacha kusema, walisema pengine. Mahali pa wazi panapofungwa, maneno huenda mahali pa siri, na mahali pa siri ni vigumu zaidi kumjibu mwongo.

4. MIFANO MITATU YA TANZANIA

Mfano wa kwanza ni wa mwaka 2013. Mwezi Mei mwaka huo Rais Jakaya Kikwete aliishauri Rwanda izungumze na waasi wake walioko Kongo, na ugomvi mkali ukazuka kati ya nchi mbili. Magazeti na kurasa za mitandao za pande zote mbili zikajaa maneno makali. Mwezi Julai, akiwa Kagera, Rais aliwapa wasio na kibali muda wa majuma mawili kuondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Kulikuwa na sababu za kweli: ujambazi wa kutumia silaha barabarani, na mifugo mingi iliyoingizwa kutoka nje. Lakini makumi ya maelfu walioondoka hawakuwa majambazi wote. Miongoni mwao walikuwamo waliokaa nchini miongo mingi na waliooa au kuolewa hapa. Mjadala ulipokuwa umekwisha kugawanyika kati ya "wazalendo" na "maadui", ilikuwa vigumu kwa mtu kusema maneno mawili kwa pamoja: kwamba ujambazi ukomeshwe, na kwamba mama huyu si jambazi.

Mfano wa pili unawahusu waandishi wenyewe. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyepata kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, alitangazwa na serikali kwamba si raia, pamoja na watu wengine watatu. Baadaye alipewa uraia kwa kuandikishwa. Mwaka 2019 mwandishi Erick Kabendera alipokamatwa, maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba uraia wake unachunguzwa. Mashtaka yaliyofuata mahakamani yalikuwa ya mambo mengine kabisa. Tunayataja haya kwa sababu yanaonyesha kwamba neno "si raia" linaweza kumfikia yeyote. Mtu asidhani kwamba silaha iliyonolewa kwa ajili ya jirani yake haitageuzwa kumwelekea yeye.

Mfano wa tatu ni wa karibuni. Mwezi Julai 2025 serikali ilitoa agizo la kuwazuia wasio raia kufanya biashara za namna 15, zikiwamo huduma za fedha kwa simu, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii, uchimbaji mdogo wa madini na kununua mazao shambani. Agizo lilifuata malalamiko ya muda mrefu ya wafanyabiashara wa Kariakoo juu ya wageni, hasa Wachina. Mitandao ya Kenya na Tanzania ililipuka kwa matusi, kila upande ukimkumbusha mwenzake makosa yote tangu kuvunjika kwa Jumuiya mwaka 1977. Hata hivyo lilikuwapo swali halisi la kujadili kwa utulivu: jinsi ya kumlinda mchuuzi mdogo, na jinsi ya kuliheshimu soko la pamoja la Afrika Mashariki lililoanza mwaka 2010. Mahali kama Mpanda, penye wachimbaji wadogo wa dhahabu, na Ikola, penye wanunuzi wa samaki na mazao, swali hilo linagusa chakula cha kila siku. Matusi hayakumsaidia mchuuzi hata mmoja.

5. MAFUNDISHO YA MAANDIKO NA YA KANISA

Maandiko Matakatifu yanaijua sana kazi hii ya kumsema mgeni. Katika Kutoka sura ya 1, Farao anaanza kwa idadi: watu hawa wamezidi. Anaendelea kwa dhana: vita ikitokea wataungana na adui. Hakuna tendo lolote baya la Waebrania linalotajwa. Idadi na dhana vimetosha kuwafanya watumwa, na mwisho kuwaua watoto. Katika Mwanzo 39 mke wa Potifa, anapomshtaki Yusufu, hamtaji kwa jina. Anamtaja kwa taifa lake. Alijua kwamba watumishi wa nyumba watauamini upesi uongo juu ya Mwebrania. Katika Waamuzi 12 watu wa Efraimu wanajaribiwa kwa kutamka neno Shibolethi, na asiyeweza anauawa. Katika Mathayo 26 Petro anatambuliwa uani kwa lafudhi yake. Ufukoni mwa Ikola, ambako Kiswahili cha Kalemie na cha Katavi vinakutana sokoni, mchungaji akisikia mtu anahukumiwa kwa matamshi yake, na avikumbuke vivuko vya Yordani.

Torati inatoa amri mbili zinazokaa karibu sana. Kutoka 23:1 inakataza kuchukua habari za uvumi na kushirikiana na mwovu kuwa shahidi wa udhalimu. Na aya ya 9 ya sura hiyo hiyo inakataza kumwonea mgeni. Hatudhani kwamba ujirani huo hauna maana: uonevu hutanguliwa na uvumi. Naye mwandishi wa Mithali 18:17 anatuonya kwamba anayeanza kujieleza huonekana kuwa na haki, mpaka mwenzake anapokuja na kumhoji. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya uandishi wa habari, nayo ilikuwapo kabla ya magazeti.

Luther, katika Katekisimo Ndogo, anaieleza Amri ya Nane kwa njia mbili. Inatukataza kumzulia jirani, kumsaliti na kumharibia jina. Na inatuagiza kumtetea, kumsema vema na kuyafasiri mambo yake kwa upande ulio mwema. Tuangalie kwamba jirani hapa hakuwekewa sharti la uraia. Na Mambo ya Walawi 19:34 unasema wazi kwamba mgeni akaaye pamoja nanyi ahesabiwe kama mzalia, tena apendwe.

Lakini haki inatudai tuseme pia kwamba Luther huyo huyo, mwaka 1543, aliandika juu ya Wayahudi maneno mabaya mno, akishauri masinagogi yao yachomwe na nyumba zao zibomolewe. Mitambo ya kuchapa iliyoeneza Injili ndiyo iliyoeneza maneno hayo, na karne nne baadaye wafuasi wa Hitler waliyatumia. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa rasmi maandiko hayo. Ni mwaka ule ule ambao redio ya Kigali ilikuwa ikifanya kazi yake. Kwa hiyo Mlutheri hawezi kusema kwamba maneno makali juu ya wageni ni maneno tu.

Juu ya serikali, mafundisho yetu ya tawala mbili za Mungu yanatuweka katika kiasi. Serikali ina haki na wajibu wa kulinda mpaka, kutoa vibali na kuwaadhibu wahalifu, na Kanisa halipaswi kuidharau kazi hiyo. Lakini serikali nayo iko chini ya Mungu, wala haikupewa ruhusa ya kusema uongo. Vilevile hofu za wenyeji si dhambi zote. Misitu imekatwa, ardhi imepungua, mifugo imeongezeka, silaha zimeletwa kutoka vitani. Mhubiri anayezikanusha hofu hizo kutoka mimbarani hawaponyi watu. Anawasukuma kwenda kwa mzushi, ambaye angalau anawasikiliza.

6. WAJIBU WA MCHUNGAJI NA WA MWANAFUNZI WA THEOLOJIA

Tunapendekeza mambo manne ya kutenda.

La kwanza ni kuwafundisha washarika kuupima ujumbe. Tuseme ujumbe umeingia katika kikundi cha simu cha usharika: maboti ya watu wenye silaha yametia nanga usiku. Kabla ya kuupeleka mbele, mzee wa kanisa aulize: Nani aliona kwa macho yake? Lini, na ufuko gani? Kama si kweli, nani ataumia? Kama ni kweli, nani anayepaswa kujua? Swali hili la mwisho lina uzito. Habari ya hatari ya kweli hupelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi, si kwa watu mia mbili ambao hawawezi kufanya lolote ila kuogopa au kushika marungu.

La pili ni kuwalinda wanaokimbia. Mtu akifika ufukoni na watoto wake, ni vema kumpa uji na kumpeleka kwa wenye mamlaka. Kumpiga picha na kuituma si vema, hata kama nia ni kuomba msaada. Simu haiishii kwenye mpaka wa majini. Wale aliowakimbia nao wana simu. Amri ya kutomsaliti jirani inahusu picha sawasawa na maneno.

La tatu ni jambo zito kwa ofisi zetu. Cheti cha ubatizo na barua ya utambulisho ya mchungaji hutumiwa na watu kuthibitisha mahali walipozaliwa. Mtu aweza kuja akilia, akiomba tuandike kwamba alizaliwa Ikola wakati alizaliwa Moba. Huruma itatusukuma. Lakini ushahidi wa uongo kwa ajili ya jirani ni ushahidi wa uongo pia, na cheti kimoja cha kughushi hutia shaka vyeti mia vya kweli vya watu wanyonge ambao hawana karatasi nyingine. Kwa upande mwingine, mchungaji anayekataa kutoa cheti cha kweli kwa sababu wazazi wa mtoto walitoka Mishamo, au kwa kuogopa maneno ya watu, ameivunja amri hiyo hiyo. Kazi yetu ni kuandika kilicho kweli, kukitunza vizuri kitabu cha sharika, na kisha kumsindikiza mtu huyo hadi ofisi ya Uhamiaji ili aeleze mambo yake wazi.

La nne ni kutumia vyombo tulivyo navyo. Kanisa letu si geni katika kazi ya habari. Fungamano lilianzisha redio ya Sauti ya Injili huko Addis Ababa mwaka 1963, ikatangaza mpaka ilipotwaliwa na serikali ya kijeshi mwaka 1977, na studio ya Moshi imeendelea kuwa chemchemi ya vipindi vya Kiswahili. Mwanafunzi anayeandaa kipindi cha redio au habari ya gazeti la dayosisi na ajiwekee kanuni moja: asiandike juu ya wageni bila kumhoji mgeni, wala asiandike juu ya malalamiko ya wenyeji bila kumhoji mwenyeji. Akiwaleta wawili hao katika kipindi kimoja, kila mmoja akajibu hoja ya mwenzake, atakuwa amefanya jambo ambalo mitandao imeshindwa kulifanya.

HITIMISHO

Tumeeleza kwamba mjadala wa uhamiaji hugawanyika si kwa sababu watu wana maoni tofauti, maana hilo ni la kawaida, bali kwa sababu pande mbili huacha kusikia habari zile zile na huacha kumwona mtu nyuma ya jina alilopewa. Tumeona kwamba sheria inahitajika, na waandishi waaminifu wanahitajika, lakini havitoshi. Ujumbe wa mwisho hufika mkononi mwa mtu mmoja, na yeye ndiye anayeamua kuupeleka mbele au kuuzuia. Mara nyingi mtu huyo ni mshirika wetu, aliyeikariri Amri ya Nane akiwa kijana. Tukimfundisha upya amri hiyo, kwa lugha ya simu anayoishika kila siku, tutakuwa tumemlinda jirani yake aliyeko Mishamo, yule aliyevuka ziwa jana, na yeye mwenyewe. Wakufunzi wa kipaimara wasiingoje sinodi iamue. Somo hilo laweza kuanza Jumamosi ijayo.